Hodi Kila Sekunde Kumi

Siku ya kwanza Athanasi Luambano, fundi wa mitandao, alipoingia ofisini kwa Bi Mwamvua pale Mfaranyaki, mjini Songea, alifanya kosa ambalo mfanyabiashara halisahau. Alitaja bei, akaambiwa apunguze, akapunguza papo hapo bila hata kujikuna kichwa.

Bi Mwamvua alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo ilikuwa imekwisha katika kupatana bei. Alianza na korosho za baba yake kule Tunduru, akipanda juu ya magunia kwenye lori hadi Songea, akauza, akarudi, akauza tena, hadi akanunua lori lenyewe. Alijua kwamba anayepunguza bei haraka ama ni mwizi, ama ana njaa, ama ana shida ambayo dawa yake si fedha. Akamtazama fundi yule juu hadi chini. Viatu vilikuwa vimekwisha visigino lakini vimepigwa kiwi. Mwizi hakuwa. Na njaa hakuwa nayo, maana sahani ya maandazi aliyowekewa alikuwa ameisukuma pembeni.

"Baba, wewe Mngoni wa wapi usiyejua kubishana?" akamwuliza.

"Wa Mpitimbi, mama."

"Basi Mpitimbi wamekutoa kabla hujaiva."

Athanasi akatabasamu kidogo, akasema kubishana kupo, ila si kwenye bei. Yeye ana masharti mawili. La kwanza, laini ya pili isishirikiane kitu chochote na ya kwanza, si nguzo, si umeme, si mnara. La pili, siku ya kukabidhi kazi, ataichomoa laini ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, saa za kazi, maombi ya kweli yakiwa yanaingia.

Bi Mwamvua akayakubali upesi, kwa kuwa masharti yasiyogusa mfuko aliyahesabu kuwa ya bure. Punguzo akalitia kibindoni.

Biashara yake wakati huo ilikuwa kusafirisha dawa na damu. Vituo vya afya kumi na vinne vya watu binafsi na vya watawa, kuanzia vijiji vya kusini mwa Songea hadi njia ya Tunduru, vilikuwa vimeungana na kumpa kazi. Muuguzi akihitaji kitu, anaandika kwenye kishikwambi, maombi yanaingia kwenye seva ya Bi Mwamvua, Shakila anayachapa kwenye kikaratasi, dereva anachukua mzigo na kuondoka. Shakila alikuwa mtoto wa dada yake, msichana mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka laini ilipokatika mara tatu katika mwezi mmoja. Umoja wa vituo ukamwandikia barua fupi: Alhamisi ya mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua, mkaguzi wao Bartolomeo atakuja kutazama kumbukumbu za mtandao. Mawasiliano yakiwa hayana njia mbadala iliyojaribiwa, kazi anapewa Muhsini.

Muhsini alikuwa na magari mapya matano na shingo nene, na alikuwa ameshaanza kuwasalimu madereva wa Bi Mwamvua kwa majina. Kwa hiyo Bi Mwamvua hakulala kwa raha, na ndiyo maana alimtafuta fundi.

Kazi ilianza kwa namna iliyomshangaza. Alitegemea kumwona mtu akikaa mbele ya kompyuta. Athanasi akatoka nje, akatazama juu, akaanza kufuata nguzo kwa miguu. Alikwenda siku mbili. Aliporudi, suruali ikiwa nyekundu kwa vumbi hadi magotini, alimweleza kwamba ile faiba, kebo ya mtandao ya kampuni ya pili, ambayo Bi Mwamvua alikuwa ameshapatana nayo kwa nusu bei, inapita juu ya nguzo zilezile za ile ya kwanza hadi nje kabisa ya mji. Umenunua milango miwili, akamwambia, lakini yote inatokea kwenye ukuta mmoja, na ukuta ukianguka unaanguka nayo yote.

Bi Mwamvua alitetea nusu bei yake kwa muda mrefu. Athanasi hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba anaweza kupunguza tena ujira wake ili fedha hiyo isaidie kulipia kidishi cha juu ya paa, kitakachoelekea mnara ulio kilimani Matogoro. Hapo mama wa watu akaacha kubishana. Mtu anayekata mkate wake mwenyewe ili wewe ununue kitu kizuri zaidi, kuna kitu kinamfukuza nyuma. Alitaka kumwuliza ni nini. Badala yake akachukua punguzo la pili, maana maswali yanaweza kungoja lakini punguzo halingoji.

Kidishi kikapandishwa. Betri zake zikawekwa chumba kingine. Kisha Athanasi akakaa kwenye kompyuta, na Bi Mwamvua, ambaye hakuwahi kulipia kitu asichokielewa, akavuta kiti.

Akamfahamisha hivi. Maombi hayarushwi hewani ovyo. Yanakaa kwenye foleni kule kituoni, yakipita moja moja kwenye chaneli, na kila moja lina namba yake. Upande wa kule haulifuti ombi mpaka upande wa huku useme nimepokea. Ili kila upande ujue mwenzake yu hai, unabisha hodi. Seva ya mwanzo ilikuwa imewekwa kubisha hodi kila dakika tano, kwa hiyo laini ingeweza kufa na pande zote mbili zikakaa zinangojana kama wakwe wawili mlangoni. Yeye anaweka hodi kila sekunde kumi. Hodi mbili zisipoitikiwa, chaneli inaacha anwani ya kwanza na kufuata ya pili, kupitia Matogoro. Kazi ngumu, akasema, si kuhama. Kazi ngumu ni pande zote mbili kukubaliana zilikuwa zimefikia namba ngapi. Zisipokubaliana, ombi linapotea, au linafika mara mbili.

"Au linafika limechelewa," Bi Mwamvua akamalizia.

Athanasi akageuza uso kwenye kioo cha kompyuta.

Majaribio yalichukua wiki mbili, na hapo ndipo ofisi ilipoanza kuwa na ubaridi ambao hakuna aliyependa kuutaja. Ombi la majaribio la Athanasi lilikuwa moja tu, kila mara maneno yaleyale: "Mzazi anatoka damu. Leteni damu kundi O, chupa mbili. Haraka." Mara ya kwanza Shakila alilisoma, akatupa kalamu, akakimbia uani kumwita dereva Remmy, na Remmy alikuwa ameshawasha gari. Athanasi akawaomba radhi, akawaonyesha juu ya kikaratasi palipoandikwa Kituo 00, kituo ambacho hakipo duniani. Mara ya pili Shakila alishtuka kidogo. Mara ya kumi alitafuta boksi tupu la biskuti, akaliweka mezani, na kila kikaratasi cha mzazi anayetoka damu akakitumbukiza humo bila kukatiza hadithi aliyokuwa akipiga.

"Mgonjwa wako huyu ana damu nyingi jamani," akamtania fundi. "Wiki mbili anatoka tu haishi."

Madereva wakacheka. Athanasi naye alijitahidi kucheka. Bi Mwamvua alimwona kila jioni akivitoa vikaratasi vile boksini, akivihesabu, akivilinganisha na orodha yake, kisha akivikunja na kuvitia kwenye mkoba. Hakuchana hata kimoja.

Asubuhi moja walikuwa wameketi barazani kwa chai, fundi amejitenga na maandazi kama desturi yake, kompyuta yake imefungwa kwenye mkoba. Shakila akatokea na kikaratasi, akasema, mama mdogo, mwambie fundi apumzike basi hata wakati wa chai. Kilikuwa kile kile. Mzazi anatoka damu.

Athanasi akasimama, kikombe kikamwagika. "Sijatuma," akasema. "Leo sijagusa kitu."

Alikwenda kwenye seva, akatazama, na baada ya muda akarudi na sababu. Lilikuwa ombi la Ijumaa. Laini ilikatwa katikati, pande mbili zikashindwa kukubaliana, ombi likabaki upande wa kule halijafa wala halijafika, mpaka chaneli ilipowashwa upya asubuhi hii. Jambo la kawaida. Alilieleza vizuri, kwa utaratibu, na wakati wote huo alikuwa akikikunja na kukikunjua kile kikaratasi.

Sasa Bi Mwamvua akauliza swali lililongoja wiki mbili.

Athanasi hakumsimulia mengi. Miaka minane nyuma alikuwa ameajiriwa na kampuni fulani ya mbali na hapa, iliyofanya kazi kama hii. Aliweka laini mbili. Bosi wake alikataa laini ya kwanza ichomolewe saa za kazi, akasema wateja watalalamika, jaza fomu tu kwamba imejaribiwa. Akajaza, akatia sahihi. Msimu wa kuandaa mashamba moto ulitoroka, ukaunguza nguzo saba, na laini zote mbili zilikuwa kwenye nguzo hizo. Kuna ombi lililokaa kwenye foleni saa sita na nusu. Laini iliporudi, yeye ndiye aliyekuwa mbele ya kompyuta lilipoingia, zuri, lina namba yake sahihi, halijapungua hata herufi. Kituo hakikuwa na simu inayoshika. Jina la mwanamke lilikuwa chini ya ombi: Noela.

Alikwenda msibani. Hakuna aliyemjua. Walimkaribisha wakampa ugali na maharage, akala kwa kuwa kukataa chakula cha msiba ni maneno. Mama wa marehemu akamfikia akamshika mkono, akamwuliza, "Wewe baba ni wa upande gani?"

"Ukasemaje?" Bi Mwamvua akauliza.

"Nikasema wa upande wa mume."

Tangu siku ile, akasema, chakula cha ugenini hakimpiti kooni. Na tangu siku ile hajawahi kujaribu laini kwa maneno mengine. Namba moja mbili tatu inaweza kufika au isifike na moyo wako ukatulia. Yeye alitaka moyo usitulie.

Bi Mwamvua alimsikiliza hadi mwisho. Alimhurumia, lakini huruma yake ilikuwa na mahesabu yake: aliona kwamba amepata, kwa bei ya chini, fundi asiyeweza kufanya kazi hovyo hata akitaka. Mzuka wa mwenzake ulikuwa unamfanyia kazi yeye. Akaagiza chai nyingine.

Ikafika Jumatano, kesho yake ndiyo Bartolomeo. Bi Mwamvua akageuka. Alimwita Athanasi pembeni akamwambia sharti la kuchomoa tuliache. Kila kitu kinafanya kazi, karatasi zipo, kwa nini tutafute simba kwa kumpigia mbinja? Akamwahidi ile bei ya siku ya kwanza, kamili, bila punguzo hata moja. Fundi akamtazama kwa utulivu, akaanza kuzungusha kebo zake na kuzitia mkobani. Angeondoka bila kitu, hilo lilionekana wazi. Na bila sahihi yake karatasi hizo zilikuwa bure.

"Haya, chomoa," akasema Bi Mwamvua. "Ukiniangusha, utakwenda kumwekea Muhsini kidishi na mimi nitakuwa nimekushikia ngazi."

Saa nne kasoro asubuhi, maombi yakiwa yanaingia, Athanasi akashika kebo ya faiba akaivuta. Taa ya kijani ikazimika. Ofisi nzima ikasimama. Hata Shakila aliweka kalamu chini. Hodi ya kwanza haikuitikiwa. Hodi ya pili haikuitikiwa. Bi Mwamvua alikuwa akihesabu kwa midomo, na kati ya kumi na tano na ishirini alihisi kama kuna mtu mwingine amesimama nyuma ya kiti chake, naye pia anahesabu. Ishirini na mbili. Chaneli ikahamia Matogoro, na yale yaliyokuwa yamerundikana yakamiminika pamoja: maombi manne, mashine ya kuchapa ikiguguna vikaratasi mfululizo.

Shakila akavipokea. Vitatu kwa madereva, kimoja kwenye boksi la biskuti. Bi Mwamvua akashusha pumzi, akatuma soda za watu wote, akampiga fundi begani akamwambia leo ameiva. Walikunywa, wakacheka. Athanasi akairudisha kebo, akaandika saa, akajaza ukurasa wake, akatia sahihi. Mwishowe, kama kila siku, akavuta boksi ahesabu vya kwake.

Akavihesabu mara mbili. Kisha akachukua cha juu akakileta mezani, akakiweka mbele ya Bi Mwamvua kwa vidole viwili.

"Mama. Leo mimi sijatuma hata kimoja."

Kilisema: Mzazi anatoka damu. Tunaomba damu kundi O, chupa tatu. Haraka. Juu yake hapakuandikwa Kituo 00. Paliandikwa Kituo 11, kituo cha watawa kilicho upande wa Mpitimbi. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba soda zilikuwa zimechukua dakika thelathini na nane.

Shakila alianza kusema kwamba maneno yalikuwa yaleyale, yaleyale kabisa, na kila mmoja alijua ni kweli. Remmy aliondoka kwa kasi ambayo siku nyingine ingemgharimu kazi. Bi Mwamvua akapiga simu kituoni. Muuguzi, sista Suzana, akamwambia kwa nini hakupiga yeye: kishikwambi kilikuwa kimeandika "imepokelewa". Alipoona hivyo aliamini gari liko njiani, akarudi kwa mgonjwa akasubiri mlio wa gari. Mashine haikusema uongo. Ombi lilikuwa limepokelewa, likawekwa kwenye boksi la biskuti.

Saa iliyofuata Bi Mwamvua hakupata kuisimulia kwa mtu. Athanasi aliketi kwenye ngazi ya nje, mgongo kwao. Shakila alilia ndani ya mtandio. Simu ilipolia, ilikuwa Suzana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka mno kukasirika.

"Mama, gari lenu siku hizi linatembea kwa miguu?" Kisha akasema damu imeingia, mgonjwa amefumbua macho, mtoto yupo. Akaongeza kwamba dakika kumi zaidi wangekuwa wanazungumza mengine.

Walipobaki wawili, Athanasi alitaka jambo moja. Zile dakika thelathini na nane ziandikwe kwenye taarifa ya kesho. Kumbukumbu za seva zingeonyesha kukatika sekunde ishirini na mbili, maombi manne yametumwa, manne yamepokelewa, hakuna lililopotea. Zote zingekuwa kweli tupu, kama sahihi yake ya miaka minane iliyopita.

Bi Mwamvua alikataa. Alisema ukweli huo ungempa Muhsini kazi, na Muhsini ana laini moja tu, tena ya nguzo. Mzazi mwingine angekufa ili wao wajisikie wasafi. Na kwa kuwa alizoea kuona mtu anapoyumba, akaongeza na bei ya fundi. Fundi akatikisa kichwa. Mama akaongeza tena.

"Sitaki fedha, mama. Nataka uchomoe wewe."

"Nichomoe nini?"

"Kebo. Kila Jumatano, saa nne, kwa mkono wako, si wa Shakila. Majaribio yawe namba tupu. Na uende Kituo 11 umwambie yule mwanamke ukweli."

"Kwenda sitakwenda," akasema Bi Mwamvua. "Kebo nitachomoa."

Hapo Athanasi akainua mkono akajikuna kichwa. Bi Mwamvua akajua kwamba safari hii bei imemuuma. Mwishowe akakubali dakika zile zisiandikwe. Akatoa mkobani vile vikaratasi vyote, akavirudisha kwenye boksi la biskuti, akavifunika. Hakuvichukua tena.

Alhamisi Bartolomeo alikuja, akasoma, akasifu, akapeana nao mikono. Kazi ikabaki kwa Bi Mwamvua kwa miaka miwili, na Muhsini akaacha kuwasalimu madereva. Mkaguzi alipouliza kama fundi ana la kuongeza, Athanasi alisema hana. Kabla ya kuondoka aliketi barazani, akavuta sahani iliyokuwa mbele yake, akala andazi la kwanza, kisha la pili, taratibu, akalamba hata mafuta ya vidoleni. Shakila akamwuliza kama amefungua mfungo. Alichukua ujira wake uliopunguzwa mara mbili, bila kudai zaidi, akapanda bodaboda. Wanaofanya naye kazi sasa huko Mbinga wanasema ni fundi mzuri, mcheshi, na majaribio yake ni moja mbili tatu.

Bi Mwamvua anachomoa kebo kila Jumatano saa nne. Boksi la biskuti liko juu ya kabati; mara mbili ameamuru litupwe, na mara mbili amelirudisha mwenyewe. Taa ya kijani inapozimika madereva wanaendelea na maneno yao, wamezoea. Yeye anasimama na kebo mkononi, midomo ikihesabu, na chai yake mezani anaiacha ipoe. Ikifika ishirini na mbili vikaratasi vinaanza kutoka, na kila kimoja anakichukua yeye kwanza, anakisoma juu hadi chini, kisha anamwuliza Shakila, hata pale jina la kituo linaposomeka waziwazi:

"Hiki cha nani?"